Barua kwa Rehema: shafti ya milimita 40

Bondeni, Nakuru

Mwanangu Rehema,

Salamu zako zimefika, na picha ya lile bawa la mtambo wa upepo nimeiona. Juma alijaribu kunipimia urefu wake kwa hatua, kutoka mlangoni petu hadi kwa fundi viatu wa kona, akarudi akasema bado halijaisha. Zaidi ya mita 115, kitu kimoja!

Swali lako nimekaa nalo siku nne. Unauliza kama kiwanda chenu, baada ya mtambo wa upepo wa baharini wa megawati 15, kitengeneze mkubwa zaidi kwa kuwa wateja wanautaka, au kitulie na huo miaka kadhaa. Na wewe ukiulizwa kwenye kikao useme nini.

Hoja ya ukubwa naijua, ulinieleza Desemba tukichambua maharagwe. Baharini gharama si mtambo peke yake, ni msingi, kebo, meli na mafundi wa kupelekwa kwa mashua. Mwaka 1991 pale Vindeby, Denmark, walisimamisha mitambo 11 ya kwanza baharini, kila mmoja wa kilowati 450. Leo mmoja wa megawati 15 unatoshana na 33 ya aina ile, kwa msingi mmoja. Tena bawa likirefuka mara mbili, eneo la kukamata upepo linakuwa mara nne. Hapo sina ubishi.

Ila mimi nikisoma swali lako sioni ukubwa. Naona bei. Bei ya hiyo mitambo iliandikwa lini, na chuma kimenunuliwa lini?

Unaikumbuka ile oda ya mashine 24 za kusaga. Ulikuwa darasa la saba, ukitupeleka chai karakana. Unachojua ni kwamba ndiyo iliyokula ploti ya Njoro. Mengine hatukuwaambia.

Baba yako alichomelea, mimi niliandika bei. Novemba 2007 nilikaa na watu wa mradi mmoja wa wakulima wa huko Molo, nikaandika kwa mkono wangu: mashine 24, bei moja, haibadiliki, pesa nyingi kulipwa mzigo wa mwisho ukifika Juni. Nikapiga muhuri. Nilirudi nyumbani natembea kama bibi harusi. Januari, baada ya uchaguzi, mji ukaungua, barabara zikafungwa, na karakana ikakaa na kufuli wiki saba. Tulipofungua, kila nilipokwenda duka la vyuma nilikuta bei imepanda, na dizeli vilevile. Kufika Mei, vyuma vya mashine moja vilikaribia bei niliyoandika ya mashine nzima. Na hapo ndipo mteja akaomba mashine iwe kubwa kidogo, isage magunia mengi zaidi kwa saa, kwa pesa ileile. Baba yako akakubali. Unamjua, alipenda mashine kubwa.

Mimi ndiye niliyesema tupunguze shafti, ule mhimili wa chuma unaozunguka ndani ya mashine. Alikuwa amepanga milimita 50. Nikamwambia ya 40 inatosha, na beringi zake ni za bei nafuu. Aliniuliza mara moja tu, "Mama Juma, una hakika?" Nikasema nina hakika.

Ya kwanza ilikatika Agosti, Elburgon, wakati wa kusaga. Zilipofika tisa, baba yako akasema zirudishwe zote, hata zile zinazofanya kazi vizuri. Tulikodi lori, tukauza ploti, tukaweka shafti za 50. Kipande kimoja nilikificha. Ukikitazama pale kilipokatikia, utaona ufa ulianza kwenye kona ya mfereji wa kii, kile kipande kinachofunga puli kwenye shafti, ukatambaa polepole, umeacha mistari kama pete za gogo lililokatwa, laini kabisa. Mwisho kimebaki kipande kidogo chenye chembechembe kama sukari guru. Hapo ndipo ilipokatika ghafla. Kumbe ilikuwa inakatika tangu siku ya kwanza, wakati sisi tunasaini risiti.

Mwaka wako wa kwanza chuoni ulinionyesha kwenye daftari kwamba nguvu ya shafti kuhimili msokoto inafuata kipenyo kikizidishwa chenyewe mara tatu, kwa hiyo 50 ikiwa 40 nguvu imepungua karibu nusu. Ulifurahi sana kuijua. Mimi nilikwenda jikoni. Na Desemba uliponisimulia habari za Horns Rev huko Denmark, mitambo 80 ya kampuni ya Vestas iliyowekwa baharini mwaka 2002, na miaka miwili baadaye vichwa vyote 80 vya juu ya minara vikarudishwa nchi kavu kwa ajili ya transfoma na jenereta, nilikwenda jikoni tena. Sisemi wao walifanya nilichofanya mimi. Ila najua uzito wa neno "zote", nasi tulikuwa na lori na barabara ya lami, si meli ya kungoja bahari itulie.

Hasara haikai kwenye kitabu, mwanangu. Huhamia kwenye chuma.

Ndiyo maana nilifurahi kusikia kwamba mwaka 2023 Uingereza ilifanya mnada wa umeme na hakuna hata mmoja aliyeleta bei ya upepo wa baharini. Chuma na usafirishaji vilikuwa vimepanda tangu korona na vita vya Ukraine, na kikomo cha bei cha serikali kilikuwa pauni 44 kwa megawati moja ya saa moja. Mnada uliofuata wakakipandisha hadi 73. Watu walikataa kupiga muhuri! Laiti ningekataa mimi.

Halafu najibishana. Baba yako angesema anayetulia hupitwa, na Wachina wameshasimamisha wa megawati 16 baharini. Ni kweli. Lakini tazama Turkana: mitambo 365, kila mmoja kilowati 850 tu, midogo na ya muundo wa zamani, na kwa pamoja ni megawati 310. Ilikamilika 2017 ikangoja nyaya hadi Septemba 2018, na kosa halikuwa la mtambo. Basi udogo si aibu. Lakini kule ni nchi kavu, unaufikia mtambo kwa gari, kwa hiyo huenda mfano wangu haufai baharini. Sijui nikae upande gani, na ulimi unaniwasha kusema tulieni, tulieni, acheni huo mmoja usage misimu mitatu kwanza. Sisemi. Wewe ndiye mhandisi.

Ila kikaoni uliza mambo mawili kabla hujataja megawati. Mkataba unasema nini chuma kikipanda baada ya saini? Na pesa zilipobana, ni kitu gani kilipunguzwa, na nani aliulizwa kama ana hakika? Hasara huhamia kwenye chuma, Rehema, na fundi huiona kabla ya mhasibu.

Kile kipande kiko nyuma ya mlango wa stoo, ndani ya gunia. Baba yako alijua kipo, hakuwahi kukitaja hadi alipofariki. Wiki hii nimekipaka grisi. Ni kama kilo nne, Juma anasema kwenye sanduku kitaingia. Ukija Desemba ukichukue.

Mama yako