Muulize Fundi: Shemeji anataka kunifungia boila

*Fundi, assalamu alaykum. Boila yetu ya gesi, ile ya kupasha nyumba joto, imekufa baada ya miaka ishirini na kitu. Shemeji yangu alikuwa fundi bomba Dubai miaka minane, na hakuna mfereji humu ndani ambao hajautengeneza. Ameona boila mpya mtandaoni, ya hizi zinazotoa mvuke mweupe nje ukutani, anasema atatufungia Jumamosi kwa pauni 300. Mume wangu ameshakubali. Mimi moyo unasita. Nina woga wa bure?*
*Mama Rukia, Leicester*

Waalaykum salaam, Mama Rukia. Woga wako si wa bure. Shemeji usimvunje heshima, kazi yake ipo na nitaifikia, ila bomba la gesi asiliguse. Dubai nyumba zinapozwa, hazipashwi joto. Na hapa Uingereza, anayefanya kazi ya gesi kwa malipo nyumbani kwa mtu lazima awe amesajiliwa Gas Safe, daftari la mafundi wa gesi lililochukua nafasi ya lile la zamani, CORGI, mwaka 2009. Hizo pauni 300 zinatosha kumtia hatiani.

Akija fundi yeyote, hata ningekuwa mimi, mwambie atoe kadi yake ya Gas Safe, kisha igeuze. Wengi huishia kwenye picha. Nyuma ndiko kulikoandikwa kazi alizoruhusiwa: mwingine ana ruhusa ya majiko, ya boila hana.

Ninachokiogopa zaidi ni kaboni monoksaidi, kuliko hata gesi yenyewe kuvuja, maana gesi utainusa. Watu wa kwetu tunaijua bila jina lake: ndiyo inayowaua waliolala na jiko la mkaa chumbani, milango imefungwa. Haina harufu wala rangi. Boila huitoa ikiwaka vibaya, na bomba la moshi likiwa na kiungo kilicholegea, inaingia ndani badala ya kutoka. Kwa hiyo fundi akimaliza huingiza kipimo kwenye njia ya moshi na kusoma namba. Simama hapo. Asiyetoa kipimo mfukoni hajamaliza kazi.

Sasa huo mvuke mweupe. Boila za siku hizi zinakamua joto mpaka kwenye moshi. Moshi ukipoa chini ya nyuzi 55 hivi, unyevu wake unageuka maji, kama jasho la kifuniko cha sufuria ya wali, na joto lililokuwa linapotea linabaki ndani. Maji hayo yana asidi, ukiyapitisha kwenye bomba la shaba yatalila. Ni plastiki tu, tena lilale kuelekea mtaroni.

Hapo mimi mwenyewe niliumbuka. Ya kwangu niliifunga kwa haraka, bomba la maji hayo nikalipitisha nje, jembamba, tena uchi. Desemba 2010, baridi ile ambayo wenyeji bado wanaisimulia, likaganda. Boila ikagugumia kama mtoto anayemalizia soda kwa mrija, kisha kimya. Alfajiri fundi mzima niko nje na koti juu ya msuli, namwagia ukuta maji ya birika. Ya vuguvugu, si ya kuchemka. Siku hizi nalipitisha ndani kila inapowezekana, na kipande cha nje kiwe kifupi, cha milimita 32, kimevishwa sponji.

Mdomo wa moshi ukae angalau sentimita 30 kutoka dirisha linalofunguka. Ni urefu wa rula ya shule, chukua ya Rukia ukapime. Kengele ya kaboni monoksaidi ni lazima kwa boila mpya: chumba hichohicho, juu kwenye dari, kati ya mita moja na tatu kutoka kwenye boila. Ukiona bei ya fundi imepanda, muulize kuhusu bomba la gesi kutoka kwenye mita. La zamani mara nyingi ni jembamba kwa boila mpya, na kulibadilisha ni sakafu kung'olewa. Hapo hakuibii.

Cheti cha kwamba boila imefungwa kwa kufuata sheria kitakuja kwa posta. Kitunze, siku ya kuuza nyumba wataulizia.

Na ukinusa gesi wakati wowote: funga kwenye mita, fungua madirisha, swichi ya taa usiiguse, toka nje upige 0800 111 999.

Shemeji aje Jumamosi hiyohiyo, umpikie pilau. Redieta zote, yale mabamba ya ukutani yanayopasha vyumba, zinatakiwa kusafishwa kabla boila mpya haijawashwa, na za miaka ishirini zinatoa maji meusi kama wino. Azitungue moja moja, azisuuze kwa mpira bustanini. Mwambie avae nguo za kazi, na zulia la sebuleni likunje kabla hajafika.