Karama Yangu Ilikuwa Kurasa za Nyuma

Kwenye meza ya cherehani yangu pale soko la Kibuye, Kisumu, kuna daftari nene lenye madoa ya mafuta ya mashine. Ukilifungua kwa mbele utakuta vipimo vya wateja: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, na deni la kila mmoja. Ukiligeuza ulifungue kwa nyuma, utakuta watu wa kanisa letu. Nani amelazwa. Nani kafiwa, na mazishi ni wapi, Siaya au Vihiga, na gari linaondoka saa ngapi. Mtoto wa nani amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Nani hajaonekana Jumapili ya pili sasa.

Hakuna aliyenituma kuandika. Nilianza tu, kwa mazoea ya kazi, maana fundi asiyeandika husahau, na anayesahau hushona suruali fupi. Kwa miaka mingi nilifanya hivyo nikiamini kwamba mimi sina karama, yaani kipawa ambacho Roho Mtakatifu humpa mtu kwa ajili ya kanisa.

Karama alikuwa nayo rafiki yangu. Tuliokoka wiki moja, kwenye mkutano mmoja wa hema, tukabatizwa siku moja. Basi nilimhesabu kama pacha wangu wa kiroho, na hapo ndipo tatizo lilipoanza, kwa sababu pacha hupimwa na pacha mwenzake. Yeye anaongoza sifa. Anashika maikrofoni, anafumba macho, na kabla hajamaliza ubeti wa kwanza watu wa mbele wamekwisha kupiga magoti. Akiombea mtu, mtu analia. Wageni wakitoka ibadani wanamuulizia yeye. Mimi wananiuliza choo kiko wapi.

Nitasema ukweli: nilimwonea wivu. Si wivu wa kumtakia mabaya, bali ule mwingine, wa mtu kurudi nyumbani Jumapili akiwa mchovu bila kazi aliyoifanya. Na ujue Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko Kibuye. Kufunga kibanda siku hiyo ni kupoteza pesa. Nikawa namwambia Mungu, nakuachia mauzo ya siku nzima, na wewe hata kunena kwa lugha mpya hujanipa?

Nikafunga siku tatu. Nikahudhuria kila kesha. Mwishowe nikamwomba kiongozi wa kesha anipe dakika kumi za kuongoza maombi. Nilipoanza, nilijisikia nikiongea kwa sauti ya rafiki yangu. Hata kile kikohozi chake kidogo anachokitoa kabla ya kusema "Baba" nilikitoa. Watu waliitikia amina kwa adabu. Mzee mmoja wa kanisa alinipa maji ya kunywa, nadhani kwa huruma. Koo langu lilikauka siku mbili.

Hayo ni ya kuchekesha, na mimi nayacheka. Yaliyofuata siyacheki.

Katika miezi ile ya kutafuta karama ya mwenzangu, sikuligeuza daftari. Kurasa za nyuma zilikaa vile vile. Kanisani kwetu kulikuwa na ajuza mmoja mjane tuliyemwita Dani, kama tunavyowaita nyanya wote huku. Alikaa benchi la tatu, karibu na dirisha, kwa sababu ya joto. Nilikiona kiti chake kitupu. Nilikiona mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Nikajiambia hiyo ni kazi ndogo, mimi niko kwenye mambo ya ndani zaidi.

Siku moja mama mmoja akaja kibandani na sare ya mtoto iliyopasuka. Nikiwa nashona, akauliza, "Kwani dada, nyinyi huko kanisani hamna habari? Dani yuko na kidonda mguuni, hatoki nje."

Nilifika kwake, mtaa wa Nyalenda, jioni. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Dani alikuwa na kisukari, tulijua sote, na mguu wake ulifungwa kipande cha leso iliyokuwa imeshikana na kidonda. Kliniki alikuwa ameacha kwenda kwa kukosa mtu wa kumshika mkono mpaka barabarani. Aliniangalia akasema, "Nyathina," yaani mwanangu, "nilidhani mmehama."

Tulimpakia kwenye tuktuk usiku ule ule. Alipoteza vidole viwili vya mguu. Daktari alisema vidonda vya namna hiyo, mtu mwenye kisukari anaweza asisikie hata maumivu mwanzoni, ndiyo maana vinahitaji jicho la mtu mwingine. Sentensi hiyo imebaki nami. Jicho la mtu mwingine. Lilikuwepo, lakini lilikuwa limefumbwa kwenye kesha likiiga jinsi rafiki yangu anavyofumba lake.

Nilimpigia rafiki yangu simu nikiwa bado kwenye benchi la hospitali. Akanyamaza kidogo. "Dani yule wa kitambaa cha njano? Mimi hata kwake sikujui." Kila Jumapili alikuwa amewaombea wagonjwa wote kutoka madhabahuni, na Dani alikuwa ndani ya hilo neno "wote", bila jina na bila nyumba. Dani aliporuhusiwa kurudi nyumbani, nilimpeleka rafiki yangu Nyalenda mimi mwenyewe. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kuimba polepole kwa Kijaluo, wimbo wa zamani ambao Dani aliufuata kwa midomo tu. Baada ya muda Dani akalala, usingizi ambao jirani alisema hajaupata kwa siku nyingi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la maji ya kuosha kidonda. Kuimba vile siwezi. Wala yeye, bila mimi, asingeipita ile njia ya nyuma ya kinu cha posho na kuugonga mlango ule.

Baada ya hapo nilisoma Matendo ya Mitume sura ya 6 kama sijawahi kuisoma. Ugomvi ule wa Yerusalemu ulihusu nini? Ulihusu wajane waliokuwa wakirukwa katika huduma ya kila siku. Kwa lugha ya kibandani kwangu, daftari lilikuwa na kasoro. Mitume hawakusema hayo ni mambo madogo tuyaachie yeyote. Walitaka watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, kwa kazi ya meza. Walipochaguliwa wakawekewa mikono. Na mstari wa 7 unasema neno la Mungu likaenea na wanafunzi wakaongezeka sana. Wajane walipoacha kurukwa, injili ikakimbia.

Sasa, kama wewe nawe unasema huijui karama yako, nitakuuliza swali moja tu. Jumanne, wakati hakuna ibada wala maikrofoni, watu wanakutafuta kwa ajili ya nini? Kuna mtu ambaye wanandoa wakikosana, simu yake ndiyo ya kwanza kulia. Kuna ambaye nyumba yake haikosi mgeni, na wageni hawaogopi kufungua sufuria. Kuna anayeweza kumweleza mtoto wa darasa la nne mfano wa mpanzi mpaka mtoto akamfundisha baba yake. Kuna ndugu wa bodaboda kanisani kwetu ambaye anatoa kimya kimya, na tuligundua kwa sababu mwenye duka aliropoka. Wengi wao ukiwauliza watakwambia hawana karama.

Wakristo wengi tunaisoma 1 Wakorintho 12 tukiruka. Kwenye mstari wa 28, Paulo anapotaja miujiza na karama za kuponya wagonjwa, anaendelea bila kuvuta pumzi: na masaidiano, na maongozi. Hilo neno la maongozi katika Kiyunani linatokana na kazi ya nahodha, mtu wa kushika usukani wa chombo. Nenda ufukwe wa Dunga, ziwani, uangalie mitumbwi ikirudi. Anayeongoza mtumbwi amekaa nyuma, na watu wa ufukweni wanaangalia samaki. Wazee wa pwani nao walishasema, usisafirie nyota ya mwenzio.

Kazini kwangu jambo hili naliona kila wiki. Mteja anakuja na gauni la dada yake. "Nishonee kama hili, usinipime, tunatoshana." Hawatoshani. Nikimsikiliza, ataondoka na nguo nzuri isiyofunga mgongoni, kisha atasema mwili wake una kasoro. Siku hizi simsikilizi. Nachukua futi, nampima yeye.

Kuna atakayenijibu kwamba Paulo huyo huyo alisema tutake sana karama zilizo kuu. Ni kweli, sura ya 12 mstari wa 31. Lakini soma mpaka sura ya 14 mstari wa 12, uone alitaka tuzidi kuwa nazo kwa kusudi gani: kulijenga kanisa. Katikati ya hapo kuna sura nzima ya upendo. Kwa hiyo omba, funga, hakuna ubaya. Mimi nilipofunga, kanisa halikuwepo kwenye ombi langu hata kidogo. Nilitaka kuulizwa kitu kingine badala ya choo.

Tena usinielewe vibaya ukaanza kukataa ufagio kwa sababu "si karama yangu". Kanisa likiwa na vumbi, kila mwenye mikono ana karama ya kufagia.

Na kwa wachungaji wetu, kwa heshima: siku ya shukrani mnapowaita mbele waimbaji na wahubiri, tunapiga makofi kwa moyo. Ila watoto wanaangalia. Wanajifunza kwamba Roho Mtakatifu hufanya kazi kuanzia jukwaani kwenda mbele, na wale wanaochemsha chai nyuma ni wapishi tu.

Wivu haukuisha siku moja. Bado unanitembelea, hasa nikiona video zake zikisambazwa kwenye vikundi vya WhatsApp na mimi niko na rundo la kola za kugeuza. Petro alipomwona yule mwanafunzi mwingine akifuata nyuma, akauliza, na huyu je? Bwana akamjibu kwamba hilo halimhusu, yeye afuate tu. Iko Yohana 21. Nimeiandika kwa chaki ukutani, juu ya cherehani.

Kitu kingine kilichonisaidia ni kumtumikia yule yule niliyemwonea wivu. Joho za kwaya nashona mimi. Vipimo vya rafiki yangu viko kurasa za mbele, na kila ninapopiga pindo la joho lake namwombea kwa jina, koo lake, ndoa yake, na ule uchovu wa Jumatatu ambao hauonekani kwenye video. Ni vigumu kumchukia mtu ambaye unajua ameongeza inchi mbili kiunoni na anaogopa kukwambia.

Jumapili iliyopita aliimba mpaka watu wakasahau jua. Mimi nilikuwa mlangoni na kalamu. Dani alikuwepo, benchi la tatu, na fimbo yake. Yule ndugu wa bodaboda hakuwepo, na hii ni Jumapili ya pili. Nikimaliza hizi sare sita za shule, nitapita kwake mtaani Obunga kabla mvua ya jioni haijaanza.