Kifaranga aliyebaki peke yake: namna ya kumlea na kumwingiza kwenye kundi

Anayefuga kuku wa kienyeji hakosi kukutana na jambo hili. Mwewe kapita na vifaranga, kicheche kaingia usiku akaondoka na koo (kuku mama), na asubuhi unamkuta kifaranga mmoja analia pembeni ya kiota. Wengi humwacha hapohapo uani kwa wakubwa wakisema atazoea. Wafugaji wenzangu, hazoei. Matetea wasio na watoto humdonoa kichwani mpaka afe, kwa sababu kwao ni mgeni aliyeingia bila nafasi. Kundi la kuku lina ngazi zake: kila mmoja anajua nani anamtangulia kwenye chakula na nani anamfuata. Mtafiti wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliieleza tabia hiyo mwaka 1921, na ukikaa uani wakati wa kumwaga pumba utaiona kwa macho yako.

Kama kifaranga ana siku moja au mbili na una koo mwingine aliyeangua karibuni, jaribu kumpa huyo. Subiri giza, mpenyeze taratibu chini ya bawa, na uamke kabla hakujapambazuka vizuri. Koo akimwita kula pamoja na wengine, umemaliza kazi. Akimdonoa kwa nguvu, mtoe papo hapo.

Koo akikosekana, mtafutie mwenzake wa umri uleule, hata kwa kununua. Hili nalisisitiza kuliko yote. Kifaranga wa peke yake hushinda analia badala ya kula, na siku ya kuingia kundini ubabe wote wa matetea humwishia yeye. Wakiwa wawili hufuatana, hulaliana, na madonoo wanagawana.

Joto ni jambo la pili. Huku Iringa, Juni na Julai baridi ya usiku inaua vifaranga haraka kuliko ugonjwa. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka waote manyoya. Kama huna kipimajoto, wasikilize. Mlio mkali usiokatika maana yake ni baridi. Wakikaa mbali na taa huku wameachama midomo, joto limezidi. Wakitawanyika wakila na kulialia kwa sauti ndogo, pameshakuwa sawa. Taa iwe upande mmoja wa kinengunengu (boksi la kulelea vifaranga) ili wapate pa kukimbilia. Anayetumia jiko la mkaa aache nafasi ya hewa, maana moshi wake usioonekana huua vifaranga na watu.

Sakafuni weka maranda makavu. Gazeti tupu linateleza na miguu yao hupanuka vibaya. Kwenye kisahani cha maji weka kokoto wasije wakazama. Chakula kiwe cha vifaranga, kamwe kisiwe cha kuku wa mayai: kile kina chokaa nyingi inayoharibu figo za kuku mdogo. Kumbuka hili hata baadaye watakapochanganyika. Wape wote chakula cha kukuzia, na chokaa ya wanaotaga iwe kwenye chombo chake.

Kabla hawajakutana na wakubwa, hakikisha wamechanjwa kideri (ugonjwa wa Newcastle). Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila miezi mitatu. Muulize afisa mifugo wa kata siku ya kuchanja, mara nyingi watu huchangia chupa moja.

Wakishaota manyoya, kwenye wiki ya sita hivi, wajengee kizimba cha wavu ndani ya ua wa wakubwa. Waonane, wasigusane. Siku za mwanzo utaona matetea wanapitapita wavuni, shingo imetuna manyoya, na mmojawapo akirusha mdomo kila kifaranga anaposogea. Usifungue. Endelea hivyo wiki mbili au zaidi, mpaka uone tetea anaoga vumbi palepale ubavuni mwa wavu bila kuwatazama. Katika kipindi hicho angalia kinyesi cha wadogo. Ukiona damu, ni ugonjwa wa kuhara damu (koksidiosisi). Wabadilishie maranda na utafute dawa siku hiyohiyo.

Mimi siwachanganyi mpaka wadogo wafikie kama theluthi mbili ya ukubwa wa matetea. Na nawachanganyia uani, alasiri, wakubwa wakiwa wameshiba. Wapo wanaopendekeza kuwapenyeza usiku kwenye vichanja. Kwa kuku wakubwa walionunuliwa inaweza kufaa, lakini wadogo wataamkia ndani ya banda lililofungwa, hawana pa kukimbilia, na wewe bado umelala. Weka vyombo vya chakula na maji sehemu mbili au tatu zilizoachana, na egesha ubao ukutani uache upenyo ambao mdogo anapita na tetea hapiti.

Dona moja, mdogo akakimbia, yakaisha: hiyo ni kawaida, usiingilie. Lakini akifukuzwa mpaka kona na kushikiliwa kisogoni, au damu ikitoka, mtoe hapohapo. Damu huwaita wengine wote. Safisha kidonda, paka GV (dawa ya zambarau ya vidonda), mrudishe kizimbani pamoja na mwenzake mpaka kipone.

Ukigundua mchokozi ni tetea mmoja, mtoe yeye, waache wadogo uani. Mfungie mahali ambapo hawaoni wenzake kwa siku kadhaa. Akirudi atakuta nafasi yake imechukuliwa, naye atakuwa na kazi ya kuitafuta upya kwa matetea wenzake kabla hajawakumbuka wadogo.