Maswali yenu kuhusu safari ya Churchill kuwaona dubu weupe

Tangu nilipoeleza hapa kwamba tulikwenda Churchill, kaskazini mwa jimbo la Manitoba, Kanada, watu kumi na wanne, wote Waswahili wa Winnipeg, mji mkuu wa jimbo hilo, na jamaa zao, barua zenu hazijakatika. Nimechagua zile zenye maswali yanayowagusa wengi.

Dada, shikamoo. Tunataka kwenda Krismasi, watoto wakiwa likizoni. Tutawaona? (Mama wa watatu, Edmonton)

Marahaba. Hamtawaona, mama, watakuwa wameshaingia baharini. Wengi hudhani dubu hawa wanafuata baridi, kumbe wanafuata barafu, kwa sababu juu ya barafu ndiko wanakowinda sili, mnyama wa baharini mwenye mapezi. Barafu ya Ghuba ya Hudson, bahari inayopakana na Churchill, huyeyuka yote wakati wa joto, nao hulazimika kupanda nchi kavu na kukaa miezi bila mlo wa maana. Ikifika Oktoba hujongea pwani ya Churchill, maana maji ya mto pale hayana chumvi na huganda mapema kuliko kwingine. Bahari ikishaganda, wanaondoka. Nendeni kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba. Watoto waombeeni ruhusa shuleni.

Tuko kumi na tuna magari mawili makubwa. Barabara ikoje? (Kijana wa Winnipeg)

Barabara haipo. Ni ndege, mwendo wa saa mbili na kitu kutoka Winnipeg, au treni ya mara mbili kwa wiki: kilomita 1,700 hivi, siku mbili usiku na mchana, na huchelewa sana kwa sababu reli imelazwa juu ya kinamasi na ardhi iliyoganda. Mwaka 2017 mafuriko yaliibomoa, mji ukakaa zaidi ya mwaka bila treni. Kwa hiyo wekeni siku moja au mbili za akiba. Mnaweza pia kuendesha mpaka Thompson, mji ulio njiani, mkaacha magari pale na kupanda treni, mkapunguza safari.

Kubwa zaidi ni malazi. Mji wote una watu wasiofika elfu moja, na vyumba vya msimu wa dubu hujaa mwaka mzima kabla. Fanyeni kama mnavyofanya harusi: kamati, mhazini, michango ya kila mwezi. Na msikubali maneno matupu. Wakala tuliyemlipa alituahidi vyumba saba, tukafika tukakuta vinne. Wazee walilala vitandani, sisi wengine sakafuni. Siku hizi sitoi hata dola moja kabla sijaona barua ya uthibitisho kutoka hotelini kwenyewe.

Nasikia dubu husimama akachungulia ndani ya gari. Ni kweli? Mama yangu anataka kuja lakini anaogopa. (Binti, Toronto)

Ni kweli, na mama asiogope. Magari yale ya kuwatazamia dubu yameundwa kwa kazi hiyo hasa. Magurudumu yake ni makubwa mno, madirisha yako juu sana, ndani kuna choo na kipasha joto, na nyuma kuna kibaraza chenye sakafu ya chuma ya matundu matundu. Asubuhi hata jioni hamshuki chini hata hatua moja.

Niruhusu nikueleze siku yetu ya pili. Tulimkuta dume amelala kwenye vichaka, kichwa juu ya mikono. Tukazima injini. Saa nzima ikapita, saa ya pili ikaingia, na baadhi yetu wakaanza kunong'ona kwamba afadhali tutafute mwingine. Dereva akasema tungojee. Kisha dubu akainuka, akajinyoosha mikono mbele kama paka, akaja moja kwa moja. Aliingia chini ya kibaraza tulipokuwa tumesimama. Kupitia yale matundu tuliiona pua yake nyeusi, pana kama kiganja, ikinusa soli za viatu vyetu, kimoja baada ya kingine, na mvuke wa pumzi yake ukipanda mpaka magotini. Akatoka, akasimama kwa miguu ya nyuma, akaegemeza mikono ubavuni mwa gari. Ngozi ya mbavu zake ilikuwa imelegea. Tulikuwa na mama wa Lamu mwenye miaka 71. Hakupiga picha. Aliinama kidogo akamwambia taratibu, "Pole babangu, utakula."

Hakuna aliyesema neno mpaka dubu alipoondoka.

Kama wana njaa hivyo, mbona msiwape chakula? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwanza sheria inakataza. Pili, kumlisha ni kumponza. Wakati huo wa kungoja barafu, dubu hupungua karibu kilo moja kwa siku, na pua yake hunasa harufu kutoka mbali mno. Akishajua kwamba binadamu maana yake ni chakula, atafuata jikoni, na mwisho wake ni risasi. Anayeumia zaidi kwa njaa ni jike mwenye mimba: wenzake wanapokwenda barafuni yeye huchimba pango nchi kavu, huzaa humo, mara nyingi pacha, na hukaa hata miezi minane bila kula.

Kuna gereza la dubu kweli? (Mwanafunzi, Mombasa)

Lipo. Dubu anayerudi rudi mjini hunaswa na kuwekwa kwenye jengo lenye vyumba 28. Hupewa maji tu, hapewi chakula, ili asipapende. Baadaye hupelekwa mbali kwa helikopta, au huachiwa bahari ikiganda. Wageni hawaruhusiwi kuingia. Wenyeji nao wana desturi ya kutofunga milango ya magari na nyumba kwa ufunguo, ili aliyekutana na dubu apate pa kukimbilia. Ninyi mkiwa mjini msitembee usiku, na mchana msitoke nje ya mji bila mwenyeji.

Nguo, simu na ibada? (Wengi)

Vaeni nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, kuliko koti moja zito. Pamba isiguse ngozi, ikilowa jasho inagandisha. Betri za simu huzimika upesi kwenye baridi, kwa hiyo zitunzeni mfuko wa ndani. Katikati ya Novemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na adhuhuri, alasiri na magharibi zote zitawakuta garini, basi mwambieni dereva mapema. Nyama ya halali tulitoka nayo nyumbani.

Ndege tunazopanda si ndizo zinazoyeyusha hiyo barafu? (Kaka, Nairobi)

Ndizo, kaka, pamoja na mengine mengi, na swali hili linaniuma. Dubu wa magharibi mwa Ghuba ya Hudson walikadiriwa kuwa 1,200 hivi miaka ya 1980. Hesabu ya 2016 ilitoa 842, ya 2021 ikatoa 618. Barafu inayeyuka mapema, na siku za dubu kukaa bila kula zinaongezeka. Kwa hiyo sikushauri uvuke dunia kwa ajili ya siku tatu za picha. Kama una mtoto au ndugu Kanada na unakuja kumtembelea, unganisha safari, panda treni ukiweza, kaa wiki nzima, na umsikilize mwenyeji wa asili, awe Mkrii, Mdene au Mwinuiti, maana wao wameishi na dubu hawa tangu enzi. Hifadhi ya taifa ya jirani inaitwa Wapusk, ndilo jina la dubu mweupe kwa Kikrii.

Yule mama wa Lamu sasa amerudi kwao. Ikiingia Novemba hunipigia simu kila Ijumaa kuniuliza kama bahari imeshaganda.