Maswali yenu: armadilo

Juzi usiku mnyama mwenye magamba alipita uani kwetu hapa Houston. Kakakuona kafikaje Texas?

Huyo ni armadilo wa mikanda tisa, wala hawana undugu. Magamba ya kakakuona ni kama kucha. Ya armadilo ni vipande vya mfupa, na jamaa zake ni slothi (wale wanyama wa mwendo wa polepole wanaoning'inia mitini) na walasisimizi wa Amerika. Usimngoje ajikunje kama mpira, huyu hawezi. Akishtuka huruka wima, karibu mita moja, ndiyo maana hata gari linalompitisha katikati ya magurudumu humuua.

Huku Florida wanamwita mvamizi. Nani alimleta?

Watu. Armadilo waliachiwa au walitoroka vizuizini, hasa miaka ya 1920 na 1930. Texas alijileta mwenyewe kutoka Mexico, karne ya 19. Mto Rio Grande haukumshinda: hubana pumzi akatembea chini majini, au humeza hewa akaelea. Kinachomkwamisha ni baridi, maana mafuta mwilini ni haba na ardhi ikiganda hafukui wadudu. Kuhusu uvamizi, mimi nasitasita. Hula mayai ya kasa, kweli, lakini mashimo yake huwahifadhi wanyama wengine wengi.

Eti huzaa mapacha wanne?

Karibu kila mara, na wote jinsia moja, kwa kuwa hutoka yai moja. La ajabu zaidi: yai likisharutubishwa hukaa miezi kadhaa kabla ya kujishikiza kwenye mji wa mimba, watoto wakazaliwa majira ya kuchipua.

Nimeambiwa ana ukoma. Nihame?

Bado mapema! Baadhi yao wanao kweli. Joto la mwili wao, kama nyuzi 32 hadi 35, huwafaa bakteria wa ukoma. Utafiti wa mwaka 2011 ulikuta aina moja ya bakteria kwa armadilo na kwa wagonjwa wa kusini mwa Marekani. Ila ukoma ulivuka bahari na watu, nao watu ndio waliomwambukiza armadilo. Binadamu wengi wana kinga ya asili, na ugonjwa unatibika. Usimshike kwa mikono mitupu, usimchune, usimle.

Ananichimbulia nyasi.

Punguza kumwagilia, udongo laini wenye mabuu ndio unaomwita. Au weka uzio uliozikwa chini kiasi cha nusu mita. Kumkamata ukamwachie kwa jirani, huko Florida, sheria hairuhusu.