Prosesa Inachemka: Tazama Joto Linavyopanda

Maswali na majibu ya wasomaji

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Nimejiundia kompyuta hapa nyumbani kwa vifaa vilivyotoka Kariakoo. Prosesa ni Intel Core i5-10400F, na nimetumia kipoza joto kilichokuja nayo kwenye boksi. Ikiwa imetulia inasoma nyuzi 58. Nikifungua gemu inaruka hadi 99 au 100, gemu linaanza kukwama, na siku nyingine kompyuta inajizima kabisa. Fundi aliyeiangalia anasema Mtwara kuna joto mno, ninunue kiyoyozi. Ni kweli?
Msomaji, Chuno, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue kiyoyozi bado. Joto la chumba lina sehemu yake, lakini sehemu hiyo inahesabika. Kipoza cha feni hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayokizunguka. Kinachoweza ni kupunguza tofauti kati ya hewa hiyo na prosesa, na kwa kazi ileile tofauti hiyo haibadiliki sana. Chumba cha Mtwara chenye nyuzi 32 mchana wa Novemba kitaongeza nyuzi kama 10 juu ya namba za mpimaji wa Ulaya aliyekaa kwenye chumba cha nyuzi 22. Yeye akipata 68, wewe tarajia 78, na hiyo 78 haina madhara. Mia ni habari nyingine. Ndicho kikomo ambacho Intel wameiwekea i5-10400F, na ikikifikia hujipunguzia kasi ili isiungue. Ndiyo maana gemu linakwama.

Namba peke yake haisemi kosa liko wapi. Mwendo wa joto ndio unaosema. Weka HWiNFO au Core Temp, programu za kusoma joto, acha kompyuta itulie dakika 10, kisha washa Cinebench au Prime95, programu za kuifanyisha prosesa kazi nzito, huku unatazama joto. Likiruka kutoka hamsini na kitu hadi tisini ndani ya sekunde 5 au 10, maana yake joto halitoki kwenye prosesa kuingia kwenye chuma cha kipoza. Likichukua dakika 10 hadi 20 kufika huko, chuma kinapokea joto vizuri ila hewa ya ndani ya kasha haitoki. Thibitisha kwa kufungua ubavu wa kasha na kurudia kipimo. Likishuka nyuzi 5 au zaidi, shughulika na feni na njia ya hewa. Lisiposhuka, kosa liko pale kipoza kinapogusana na prosesa.

Wewe umeandika "inaruka", na kipoza chako ni cha boksi, kwa hiyo sisi tungeanzia kwenye pini. Kipoza hicho hushikwa na pini nne za plastiki, na moja isipozama, upande wake huinuka. Kutoka juu huwezi kuuona mwanya huo. Chomoa umeme, toa mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba prosesa, kwenye kasha, igeuze utazame nyuma. Katika kila tundu, ncha za plastiki nyeupe ziwe zimepenya na kutanuka, na kijiti cheusi kiwe kimeshuka katikati yake. Mara nyingi utakuta matundu matatu yako sawa na la nne limekwama nusu, kwa sababu pini za upande mmoja zilibanwa kwanza, au mazabodi ilikuwa imeshafungwa ndani ya kasha ikawa inanesa chini ya kidole gumba.

Zungusha kila kichwa cha pini robo mzunguko kufuata mshale uliochorwa juu yake, kisha uvute, kipoza kitatoka. Kisirudi bila pesti mpya, ule uji wa kupitisha joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye kipoza, kwani pesti iliyobanwa ikaachiliwa huingiwa na hewa. Futa ya zamani kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, cha kufutia miwani kinafaa, kilicholowekwa spiriti kidogo. Spiriti ya isopropili ya asilimia 90 ndiyo bora. Ya asilimia 70 inafaa pia, mradi uiache ikauke kabisa, na kwa unyevu wa pwani yetu hilo lisifanywe kwa haraka. Weka tone moja katikati ya prosesa, ukubwa wa punje ya mbaazi, usilisambaze kwa kidole. Dawa ya meno, ambayo wapo wanaoishauri, hupoza kwa siku chache tu kisha hukauka na kupasuka. Tafadhali usiiweke.

Rudisha vichwa vya pini kinyume cha mshale, weka mazabodi juu ya meza, kisha bana pini mbili zinazotazamana kwa mshazari, halafu mbili zilizobaki. Kila moja ilie "ka!". Geuza ukague nyuma tena. Waya wa feni uingie kwenye soketi iliyoandikwa CPU_FAN, si SYS_FAN, maana hiyo ya pili mara nyingi huongozwa na joto la mazabodi na feni inaweza kuzunguka taratibu wakati prosesa inaungua.

Kwenye chumba cha nyuzi 32 tunatarajia uone 40 hadi 50 ikitulia, na 70 hadi 80 kwenye gemu. Tazama namba hizo ndani ya Windows. Kwenye bayosi, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, prosesa hailali, hivyo husoma juu zaidi hata ikiwa haifanyi kitu. Ikiwa bado inagonga tisini, fungua bayosi utafute vikomo vya nguvu, PL1 (cha muda mrefu) na PL2 (cha muda mfupi). Prosesa yako ni ya wati 65, lakini Intel huiruhusu ifike wati 134 kwa muda mfupi, na baadhi ya mazabodi huondoa kabisa ukomo wa muda huo. Kipoza cha boksi hakiwezi mzigo huo. Weka vyote viwili 65. Kwenye gemu nyingi hutaona tofauti kubwa, kwa kuwa ni nadra zitumie viini vyote sita kwa nguvu kamili.

Kuhusu kujizima: ikitokea joto likiwa 70 au chini yake, achana na kipoza, angalia pawa saplai na umeme unaoingia.

SWALI: Nilitaka kubadilisha pesti kwenye prosesa ya AMD Ryzen 5 3600. Nilipovuta kipoza, prosesa ilitoka nacho kwenye soketi ikiwa bado imefungwa, na pini kadhaa za chini yake zimepinda. Nimeiharibu?
Msomaji, Mtanda, Lindi

JIBU: Pini iliyopinda inanyooka. Iliyokatika ndiyo msiba. Soketi ya AM4, ambayo ndiyo ya prosesa yako, hubana pini tu, haina fremu ya kuishikilia prosesa yenyewe, na pesti iliyokauka huinata kwa nguvu kuliko soketi inavyobana.

Kwanza itenganishe na kipoza kwa kuizungusha, si kwa kubandua. Ikigoma, pasha chuma cha kipoza kwa mashine ya kukaushia nywele dakika 2 au 3. Kisha ilaze pini zikitazama juu, chini ya mwanga mkali, uitazame kwa usawa wa jicho. Pini zipo 1331 kwa mistari iliyonyooka, hivyo iliyoinama huonekana upesi. Chukua penseli ya kubonyeza ya milimita 0.7, toa risasi, vika ncha yake tupu juu ya pini na uisogeze kidogo kidogo. Mstari mzima ukiwa umelala upande mmoja, pitisha kadi ya benki katikati ya safu. Usikunje pini mbele na nyuma mara nyingi, huko ndiko kukatika.

Inua wenzo wa soketi, linganisha pembetatu ya dhahabu na ya soketi, uidondoshe. Iingie kwa uzito wake. Ikikataa, bado kuna pini iliyopinda, usiikandamize. Siku nyingine utakapotoa kipoza, iwashe kompyuta ifanye kazi nzito dakika 10 ili pesti ilainike, izime, chomoa umeme, kisha kizungushe kipoza kushoto na kulia kabla ya kukiinua.

SWALI: Huku Masasi vumbi ni jingi. Nisafishe kila baada ya muda gani, na je, pampu ya baiskeli inafaa?
Msomaji, Masasi

JIBU: Kiangazi fungua kila mwezi, masika kila miezi mitatu. Pampu inafaa kwa vumbi jepesi. Lililoshikana kati ya mapezi ya kipoza lianze kwa brashi laini ya rangi iliyo kavu. Shika panga za feni zisizunguke unapopuliza, kwani feni ikizungushwa kwa nguvu hufua umeme na kuurudisha kwenye mazabodi. Kasha lisikae sakafuni. Linyanyue sentimita 30 au zaidi, na nyuma yake acha sentimita 15 hadi ukutani ili hewa ya moto ipate pa kutokea.