Mizabibu mipya imedumaa kwenye shamba la zamani

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nalima zabibu Mpunguzi, Dodoma. Niling'oa mizabibu iliyozeeka aliyoiacha baba, nikapanda pingili mpya kwenye mashimo yale yale. Huu ni mwaka wa pili, haijafika hata waya wa kwanza. Jirani nilimpa pingili za mzabibu ule ule, akapanda kwenye shamba jipya, zake zimeshatambaa juu. Nimeongeza samadi mara mbili, wapi. Sitaki dawa za viwandani. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Jirani yako ameshatujibu nusu ya swali: pingili ni zile zile, kwa hiyo ubaya uko kwenye udongo. Wala si njaa, maana njaa samadi ingeitibu. Shamba lililobeba zabibu miaka mingi hubaki na minyoofundo, yaani minyoo midogo sana ya udongoni inayovimbisha mizizi, na kuvu wa kuozesha mizizi. Ukirudisha mzabibu palepale, umewarudishia chakula chao.

Hakikisha kwanza. Chimbua taratibu mche ulio dhaifu kuliko yote, vijizizi visikatike, uuoshe kwenye ndoo. Ukiona vinundu kama shanga, mzizi wenyewe umevimba, hao ni minyoofundo. Vijizizi vikiwa vyeusi na ganda linachubuka ukivuta, shuku kuvu. Lakini mizizi ikiwa mizima na majani yameungua kingo, kapime maji ya kisima chako. Visima vingi huku kwetu vina chumvi, na hilo lina tiba nyingine. Kama bado una wasiwasi, panda nyanya kwenye makopo yenye udongo wa shimo hilo, uing'oe baada ya wiki 6 uangalie mizizi. Nyanya hushambuliwa upesi.

Sasa ushauri ambao najua hutaupenda: ng'oa yote, upumzishe shamba misimu miwili ya mvua. Fukua na mizizi ya zamani, hasa ile minene, uichome, kwa kuwa wadudu na kuvu hujihifadhi humo. Msimu wa kwanza panda mtama. Wa pili panda marejea, lile zao la jamii ya kunde la kurutubisha udongo lililoenezwa sana kutoka Peramiho kule Songea. Minyoofundo michanga huingia kwenye mizizi yake ikashindwa kukua na kuzaa. Lifukie linapoanza kutoa maua. Usishtuke ukikuta nalo lina vinundu: vinavyobanduka kwa kucha ni vya bakteria wa naitrojeni, wana faida. Vya minyoo havibanduki. Katika kipindi hicho nyanya, bamia, bilinganya na matikiti visiguse hapo, hata kama bei sokoni inakuvuta.

Jua letu nalo ni dawa ya bure. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, chimba mashimo ya sentimita 60 kila upande. Udongo uliotoka utandaze usizidi sentimita 20, uloweshe, ufunike kwa nailoni angavu, siyo nyeusi, na ufukie kingo zote. Uache wiki 6. Joto halishuki mbali, ndiyo maana nasema utandaze. Kufunika shimo lililokwisha kujazwa ni kupoteza nailoni. Kama nguzo zako zimeshaliwa na mchwa, afadhali zaidi: hamishia mistari katikati ya mistari ya zamani. Nguzo zikiwa bado nzima sikushauri gharama hiyo.

Wakati wa kupanda, changanya debe moja la samadi iliyoiva kwa kila shimo. Samadi mbichi huunguza mizizi na kualika mchwa.

Pingili usichukue tena kwenye mizabibu yenu ya zamani, kwani virusi husafiri na pingili. Ulizia TARI Makutupora, kituo cha utafiti wa zabibu kilicho hapa hapa Dodoma. Ukipata miche iliyounganishwa juu ya shina la Ramsey au Dogridge, aina za mizabibu zinazotumika kama shina la chini, chukua hiyo hata kama bei ni kubwa, kwa sababu mizizi yake huwavumilia minyoofundo vizuri zaidi.